Sweta Tatu za Watoto wa Salimu

Kosa langu la kwanza, lililozaa mengine yote, ni kwamba nilimtunga mtu. Nilimpa jina Salimu. Nikampa mke anayeitwa Zuwena na watoto watatu. Nikampa nyumba Pangani, hatua chache kutoka bandari ya zamani, kisha nikamfanya rafiki yangu anayetualika mimi na mama tukapumzike kwake siku nne.

Nyumba ilikuwepo kweli. Salimu ndiye hakuwepo.

Wengi wenu mmeniuliza tangu turudi, mkija kibandani na simu zenu mbovu. Mmeuliza Pangani kukoje, mama aliionaje bahari, na ile sweta ndogo niliyoitundika ukutani ni ya nani. Nimekuwa nikiwajibu nusunusu huku nimeinamia bisibisi. Leo naandika yote, hata yale yanayonivunjia heshima.

Ushirombo, kabla ya kuondoka

Mnamfahamu mama. Mnafahamu pale anaposimama karibu na stendi, sufuria tatu mbele yake, akiwapakulia wachimbaji wali na maharage tangu alfajiri. Mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba. Jioni viatu havimtoki mpaka nimsaidie. Daktari alimwambia maneno machache tu: apumzike, miguu ikae juu, la sivyo itafika siku atashindwa kusimama kabisa.

Tulijaribu apumzike nyumbani. Siku ya kwanza, saa nne asubuhi, nilimkuta jikoni anawapikia uji watu waliokuja kumpa pole kwa kuumwa.

Nikaanza kutafuta mahali pa mbali. Kwenye simu nikaiona nyumba ndogo nyeupe huko Pangani, ya kupanga kwa siku, yenye jiko na vyombo vyake. Unakwenda na chakula chako, unajipikia, hakuna wa kukusumbua. Nilipanga kumpikia mimi. Mwenye nyumba anaishi Dar es Salaam na tulielewana kwa ujumbe tu. Funguo zilikuwa kwa mtunzaji, mama mmoja aitwaye Bi Tatu.

Hapo ndipo hofu ilipoanza. Nilijua mama atauliza, "Tunakwenda kwa nani?" Hajawahi kulala mahali pasipo na mtu wa kumwamkia asubuhi. Hata alipolazwa Kahama alizunguka wodi nzima kusalimia kwanza, ndipo akakubali kupanda kitandani. Nyumba isiyo na mwenyewe kwake si nyumba, ni pagale.

Kwa hiyo nikamleta Salimu. Mama akakubali palepale.

"Mtu akikuita kwake usipokwenda, umemtukana," alisema. "Siku nne tu, basi."

Mimi ufundi wa simu nilijifunza mwenyewe, bila mwalimu, na niliuweza kwa sababu naandika kila kitu. Kila simu ninayoifungua ina ukurasa wake kwenye daftari na kila skrubu nimeichora mahali pake. Salimu naye akapata ukurasa wake. Tulifahamiana Kahama alipoleta simu iliyoingia maji. Anauza vifaa vya uvuvi. Mtoto wa kwanza ana miaka tisa, wa pili saba, wa mwisho minne. Nilikuwa naukariri kabla ya kulala. Kusema kweli, niliuonea fahari ukurasa ule kwa sababu haukuwa na kosa hata moja.

Siku mbili kabla ya safari mama aliniita chumbani. Kitandani alikuwa amepanga sweta tatu za sufu, kubwa, ya kati na ndogo. Alizifuma kwa mkono wiki tatu nzima. Kumbe zile jioni nilizodhani anapumzisha miguu, alikuwa anafuma.

"Wa tisa, wa saba, wa minne," alisema akizigusa moja moja. "Nimekulia Nkome mimi. Najua upepo wa asubuhi wa majini. Tulianika dagaa huku tunatetemeka, na lile ni ziwa tu. Bahari si itakuwa zaidi?"

Ndogo ilikuwa na vifungo vya rangi ya samawati. Nikasema ni nzuri, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya choo.

Ushirombo hadi Kahama

Tuliondoka kulipopambazuka tukiwa na begi moja la nguo. Mizigo iliyobaki yote ilikuwa ya Salimu: kilo kumi za mchele, mfuko wa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, chupa ya samli, na kuku. Alikuwa tetea mwekundu, hai, ndani ya boksi la sabuni lenye matundu.

"Mama, kuku wapo kila mahali."

"Wapo. Lakini wa kwangu hayupo kila mahali."

Mpaka Masumbwe nilikuwa natazama saa. Kwenye ratiba yangu tungefika Kahama saa mbili, tukafika saa tatu na robo kwa sababu dereva alisimama kununua mkaa, kisha akasimama tena kuufunga. Mama alilala. Mimi nilimpigia Bi Tatu. Nilitaka kumwomba jambo moja: tukifika, aseme kwamba Salimu amesafiri ghafla na familia yake na ametuachia nyumba. Simu haikupatikana. Nilijaribu mara sita kabla ya Kahama, na pale stendi nikajaribu mara mbili tena.

Kahama hadi Dodoma

Kondakta wa basi kubwa aliliangalia boksi.

"Huyu naye ana tiketi?"

"Ni mgeni wa watu huyo," mama akamjibu. "Muweke vizuri."

Kondakta akacheka, akamruhusu akae miguuni petu.

Kiti cha tatu alikaa kijana mchimbaji aitwaye Doto, anayefanya kazi kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, ya upande wa Geita na aliyekuwa anakwenda Dodoma kwa dada yake. Alimwamkia mama shikamoo, akamtazama vizuri.

"Mama, wewe si ndiye wa wali wa stendi Ushirombo? Nimekula kwako mimi. Ukoko wako nauota."

Mama akafurahi mno. Hapo akaanza kumweleza habari zote za Salimu, na nilivyomsikiliza nilitamani basi liharibike. Alimweleza ile simu iliyoingia maji, Zuwena, na watoto. Hakukosea hata umri. Kila alichokisema kilitoka kwenye daftari langu, isipokuwa yeye alikisema kwa mapenzi, kana kwamba ni ndugu zake.

"Mtoto wa mwisho anaitwa nani?" Doto akauliza.

Mama akanigeukia. Ukurasa haukuwa na majina ya watoto.

"Anaitwa... Juma."

"Na wa pili?"

"Juma pia. Yaani, huyo ni Jumanne."

Doto akageukia dirisha akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mabega yake yalikuwa yanacheza.

Singida basi liliposimama, wauza kuku walijaa dirishani. Mmoja akaliona boksi letu.

"Jamani, njooni muone! Watu wanapita Singida na kuku kutoka kwao."

"Ni kama kupeleka maji ziwani," akasema mwenzake.

"Huyu ana anakokwenda," mama akawaambia, bila hasira. "Wenu hawajui wanakokwenda."

Mama alipokwenda kujisaidia, akiegemea bega la kondakta, Doto alinisogelea.

"Kaka, huyo Salimu yupo?"

Nikaliangalia boksi la kuku.

"Nilijua. Sasa sikiliza. Kule chini tunaegemeza ukuta kwa magogo, tunayaita matimba. Ukiweka timba bovu, unajua mwenyewe kwamba ni bovu, halafu unaendelea kuchimba, basi kila futi unayoiongeza unajichimbia kaburi." Akachungulia kama mama anarudi. "Mwambie kabla hamjafika."

"Akijua atageuza. Atarudi kusimama kwenye sufuria."

"Labda. Mimi ningemwambia. Halafu ningekimbia," akasema, na safari hii alicheka waziwazi.

Tulilala Dodoma, kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi. Asubuhi niliamka nimeshaandaa sentensi. Niliifanyia mazoezi bafuni: Mama, kuna jambo. Nilipotoka, alikuwa ameketi kitandani anakaza kifungo kimoja cha sweta ndogo.

"Kilikuwa kinalegea," alisema. "Mtoto angekimeza."

Nikamwambia chai iko tayari.

Dodoma hadi Muheza

Gairo tairi lilipasuka. Tulikaa kando ya barabara saa nzima na zaidi, na abiria wakashuka kununua karanga na maji. Mama alikataa kushuka kwa sababu ya miguu. Ghafla kuku akapiga kelele ndani ya boksi, akapapatika, akatulia. Mama akafungua kifuniko. Kulikuwa na yai.

Alilishika mkononi, bado la moto, na watu wa viti vya jirani wakasogea kutazama.

"Umeona, Mabula? Ametaga njiani. Kuku amemkubali mwenyeji wake."

Nilikunywa maji chupa nzima kwa mara moja.

Kwa sababu ya tairi tulifika Muheza jua linazama, tukaona heri tulale hapo. Nilimpigia tena Bi Tatu kumwambia tumechelewa. Haikupatikana. Nilimtumia ujumbe mrefu sana, wa adabu, nikausahihisha nukta zake, halafu haukwenda.

Pangani

Asubuhi tulishuka kuelekea pwani katikati ya minazi, na mbele yetu mto ukafunguka kuingia baharini. Kuna majengo makubwa ya mawe yenye milango ya kuchongwa, mengine paa limeanguka, na kivuko kinachovusha watu na pikipiki kwenda ng'ambo. Mama alitazama maji. Halafu akasema, "Ni mengi," basi. Upepo ulikuwa wa joto kama pumzi ya ng'ombe. Niliona ameliona hilo. Akalishika begi lenye sweta, akaligeuza upande wa pili.

Nyumba niliitambua kwa mlango wake wa buluu. Kwenye baraza aliketi mwanamke wa makamo, mtandio kichwani, anapepeta mchele. Tulipokaribia akanyanyuka.

"Karibuni. Ninyi ndio wageni wa siku nne? Jana nimewasubiri mpaka adhana ya isha. Simu yangu ilianguka kisimani, poleni."

"Shikamoo," nikasema haraka, nikijaribu kusimama kati yake na mama. "Bi Tatu, samahani, naomba tuongee pem—"

"Marahaba, mwanangu. Shika funguo. Jiko hilo, gesi imejaa. Vyombo mnaosha wenyewe, masharti yapo ukutani."

Mama alikuwa ameshafika.

"Asante, dada. Wewe ndiye Zuwena?"

"Mimi? Mimi Tatu."

"Salimu yupo ndani?"

"Salimu yupi?"

"Mwenye nyumba. Rafiki wa mwanangu huyu."

Bi Tatu akanitazama. Nilijua angeweza kuniokoa kwa neno moja, na nilijua hakuwa na sababu ya kufanya hivyo.

"Mama, hapa hakuna Salimu," alisema taratibu. "Hii ni nyumba ya kupanga. Mwenyewe yuko Dar, hata mimi namuona mara moja kwa mwaka. Watu wanakuja, wanajipikia, wanaondoka."

Mama aliuweka mfuko wa mchele chini. Akaketi kwenye ngazi ya baraza, boksi la kuku kando yake. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Na watoto?" akaniuliza.

"Hawapo, mama."

"Wote watatu?"

"Wote."

Akafungua begi, akatoa sweta, akazilaza mapajani. Alinyoosha mkono wa ile ndogo uliokuwa umejikunja.

"Ulidhani nitakataa kuja."

"Ndiyo."

"Hukuniuliza." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma bei. "Siingii nyumba isiyo na mtu. Kesho tunarudi."

Nilianza kueleza, miguu, daktari, sufuria, na kadiri nilivyoeleza nilisikia sauti yangu inapanda kama ya mtoto. Bi Tatu aliweka ungo chini.

"Dada," akamwambia mama, "hivi ni vitu gani vyote hivi?"

"Zawadi za mwenyeji."

"Na hivi vijiti? Dawa?"

"Michembe. Viazi. Unachemsha, unakula na karanga."

Bi Tatu alikigonga kimoja kwa kucha, akakinusa, uso wake haukuamini. Kisha akaziona sweta. "Na hizi za sufu, Pangani hapa?" Akajizuia, lakini kicheko kilimponyoka, na mama naye, namshukuru Mungu, mdomo wake ukacheza kidogo.

"Nilidhani kuna baridi."

"Mwezi wa saba wajukuu zangu wanakwenda chuoni kusoma Kurani asubuhi wanalia baridi. Ninyi mngeiita joto, lakini wanalia." Akaonyesha nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha vyumba viwili chenye paa la makuti. "Humo ndani ni kwa tajiri, na masharti yanasema nisiwapikie wageni. Lakini pale nyuma ni kwangu mimi. Hakuna karatasi ukutani. Ukija pale, wewe ni mgeni wangu, na mtu anayekaa kwangu hashiki mwiko."

Mama akazikunja sweta. Halafu akainua boksi kwa mikono miwili, akampa.

"Basi mwenyeji ni wewe. Huyu ni wako. Ana yai moja, la njiani."

"Anayetaga hachinjwi," alisema Bi Tatu, akilipokea. "Atakaa."

Mama aliingia kibandani kwa Bi Tatu akisema hodi mara tatu, ingawa mwenyeji alikuwa anatembea mbele yake.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe si una nyumba," mama akasema bila kugeuka. "Jipikie."

Nyumba ya kujipikia

Kwa hiyo nilikaa peke yangu kwenye nyumba ya vitanda vitatu, mapazia meupe na vijiko kumi na viwili. Mama alilala kwa Bi Tatu, kwenye kitanda cha kamba, miguu juu ya mto. Kwa dirisha la jiko langu niliwasikia wakibishana kuhusu wali wa nazi. "Mnautia maziwa ya mti," mama alisema, na baadaye nikasikia akiomba kuongezewa. Wajukuu wawili wa Bi Tatu, Mwanaidi na Hamisi, walizijaribu sweta mbili kubwa saa nane mchana na wakakataa kuzivua huku jasho likiwatiririka.

Sweta ya tatu mama alinirudishia mimi.

"Huyu wa minne ni wako. Kaa naye mpaka uweze kusema ni wa nani."

Kupika sijui. Nilikuwa nimejifunza kwa video, nikaandika vipimo daftarini. Siku ya kwanza ugali ulikuwa na madonge. Siku ya pili wali uliungua chini na ukabaki mbichi juu, nikaumwaga kwa aibu kisha nikakaa sakafuni. Niliuchana ukurasa wa Salimu nikawashia jiko la mkaa, kwa sababu gesi nilikuwa naiogopa.

Siku ya tatu mchana nilikuwa nimepika tena wali, na maharage. Wali haukuungua sana. Nikasikia mtu mlangoni.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mama. Nikaweka mwiko chini. Yeye na Bi Tatu walikuwa wamesimama nje ya mlango wa buluu, wamejitanda khanga safi, kama watu wanaokwenda ugenini.

"Hodi humu," akarudia. "Humu hamna mwenyewe?"

"Nipo," nikasema. "Karibuni."

Akavuka kizingiti. Akaketi kwenye kiti nilichomvutia, nikaweka kigoda, akainua miguu juu yake bila kubembelezwa. Uvimbe ulikuwa umepungua, na vifundo vyake vya miguu nilikuwa sijaviona kwa miezi. Nikawapakulia. Maharage kidogo yalimwagika mezani. Bi Tatu alitafuna, akavuta kikombe cha maji.

"Chumvi imezidi," mama akasema, akaendelea kula mpaka sahani ikaisha. Kisha akaisogeza mbele yangu. "Ukoko upo?"

Ulikuwepo. Ulikuwa mwingi.

Kurudi

Hatukurudi siku ile aliyoisema. Tulimaliza siku nne zote. Njia ya kurudi ilikuwa ileile, nami sikuwa na cha kukariri, nikalala tangu Chalinze hadi Dodoma. Juzi Bi Tatu alipiga simu kusema tetea ametotoa vifaranga saba, na kwamba michembe aliipika, na kwamba kweli ni viazi.

Sweta ya tatu ndiyo hiyo mnayoiona ukutani. Mkiniuliza ni ya nani, sasa nasema: ni ya mtoto niliyemdanganya mama kwamba yupo.

Sufuria za stendi mama hajaziacha, ila anapakua akiwa ameketi. Jumapili hazitoki kabisa. Siku hiyo napika mimi, naye anatoka chumbani kwake, anazunguka nje ya nyumba, anakuja mlango wa mbele kupiga hodi, na haingii mpaka nimwitikie.